Mwanafunzi mwenye kushukuru hayuko peke yake

Kila sifa njema anastahiki Allah (s.w), Mola wa viumbe vyote, aliyemfundisha mwanadamu yale asiyoyajua. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w), ahli zake, maswahaba zake na kila anayeufuata uongofu wake mpaka Siku ya Malipo. Ama baada ya hayo.

Ndugu msomaji, kila mwaka matokeo ya mitihani yanapotangazwa, nyumba zetu hapa Arusha hugeuka ama za sherehe ama za matanga. Ngarenaro, Kaloleni, Unga Limited, Majengo, Sombetini, kote swali ni moja: "Kapata divisheni ngapi?" Akifaulu, tunauliza kapangiwa wapi. Akipangiwa, tunauliza kama kapata mkopo. Maswali hayo yana maana yake, na mzazi anayeuliza halaumiwi. Lakini lipo swali ambalo ni nadra kulisikia. Je, mtoto huyu ana watu? Akikwama saa tano za usiku bwenini, au katika chumba alichopanga kule Njiro, atampigia nani simu? Na kama watu anao, je, anajua kuwa anao?

Sisi tunaofundisha Elimu ya Dini ya Kiislamu mashuleni hukutana na vijana wa aina mbili ambao kwa macho wanafanana kabisa. Wote ni watoto wa wanyonge. Wote mama zao wanauza ndizi au mitumba, na wote wanakwenda shule kwa miguu siku ambayo nauli haipo. Lakini mmoja akipata mtihani anatafuta mtu wa kumwambia, anasaidiwa, anaendelea. Wa pili hujifungia na shida yake mpaka imzidi, na sisi tunakuja kuijua akiwa ameshaacha shule. Umasikini wao ni mmoja. Kinachowatofautisha, kwa kiasi kikubwa, ni namna kila mmoja anavyowaona waliomzunguka.

Makala hii inakusudia kuonyesha kuwa shukrani si adabu ya kupambia mazungumzo tu. Shukrani ni kamba inayomuunganisha mwanafunzi na Mola wake, na kwa kamba hiyo hiyo humuunganisha na waja Wake. Ikikatika, kijana hubaki peke yake hata kama amekaa katikati ya darasa la watu themanini.

SHUKRANI NI NINI HASA?

Wengi wetu tumezoea kudhani kuwa shukrani ni neno. Mtu akiulizwa hali hujibu "Alhamdulillah", huku moyoni ananung'unika na mikono yake inafanya yanayomchukiza huyo anayeshukuriwa. Wanachuoni hawakuridhika na maana hiyo nyembamba. Imam Ghazali, katika kitabu chake mashuhuri cha Ihyau Ulumiddin, pale alipozungumzia subira na shukrani, amefafanua kuwa shukrani imekusanya mambo matatu yanayofuatana. La kwanza ni elimu, yaani kuitambua neema na kumtambua aliyeitoa. La pili ni hali ya moyo, yaani ile furaha ya unyenyekevu inayozaliwa na utambuzi huo. La tatu ni amali, yaani kuitumia neema katika yale anayoyaridhia mtoaji.

Tuyatazame hayo kwa jicho la mwanafunzi. Katika Surat An-Nahl (16:78) Allah (s.w) anatukumbusha kuwa ametutoa matumboni mwa mama zetu hali ya kuwa hatujui chochote, kisha akatujaalia masikio, macho na nyoyo, ili tupate kushukuru. Tazama, ndugu msomaji, jinsi aya hii ilivyoorodhesha vifaa vya kujifunzia. Sikio la kumsikiliza mwalimu, jicho la kusomea na moyo wa kufahamu, vyote vimetajwa, na lengo lililotajwa mwisho ni shukrani. Basi mwanafunzi anaposoma kwa bidii yuko katika kushukuru, na anapokesha kwenye simu akitazama ya haramu anaikufuru neema ya jicho, hata kama ulimi wake unasema Alhamdulillah mara mia.

Maana hii ya shukrani kwa vitendo imekuja wazi katika Surat Sabai (34:13), pale watu wa Nabii Daudi (a.s) walipoamrishwa wafanye kazi kwa kushukuru, na papo hapo tukaambiwa kuwa wenye kushukuru miongoni mwa waja ni wachache. Naye Mtume wetu (s.a.w), kama ilivyopokelewa na Bukhari na Muslim kutoka kwa Bi Aisha (r.a), alikuwa akisimama usiku katika swala mpaka miguu yake ikivimba. Alipoulizwa kwa nini anajitaabisha hivyo ilhali amesamehewa, alijibu kwa kuuliza kama haimpasi kuwa mja mwenye kushukuru.

Sasa linakuja jambo ambalo wengi hulisahau. Uislamu haukumwachia mtu nafasi ya kudai kuwa anamshukuru Allah huku anawapuuza watu. Katika hadithi iliyopokelewa na Abu Daud na Tirmidhi, Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa asiyewashukuru watu hamshukuru Allah. Na katika Surat Luqman (31:14), amri ya kumshukuru Mola imetajwa pamoja na amri ya kuwashukuru wazazi wawili, baada ya kukumbushwa udhaifu juu ya udhaifu alioubeba mama. Neema ya Allah humfikia mja kupitia mikono ya watu. Anayeidharau mikono hiyo amemdharau aliyeituma.

MARADHI YA QARUN

Adui wa shukrani kwa msomi ni maradhi yaliyomwangamiza Qarun. Kisa chake kimo katika Surat Al-Qasas (28:76-82). Alipewa hazina ambazo funguo zake tu ziliwaelemea watu wenye nguvu. Watu wake walipomnasihi afanye wema kama Allah alivyomfanyia wema, jibu lake lilikuwa kwamba aliyonayo ameyapata kwa sababu ya elimu yake. Angalia vizuri hapo. Qarun hakusema ameyapata kwa nguvu wala kwa ukoo. Alisema ni kwa elimu! Mwisho wake ardhi ilimmeza yeye na nyumba yake, na hapakuwa na kundi lolote la kumnusuru.

Maneno ya Qarun tunayasikia leo katika lugha ya kisasa. Kijana amepata divisheni wani, anasema, "Nimekaza mwenyewe." Amemaliza chuo, amepata kazi, anasema, "Hakuna aliyenisaidia." Wahenga walituonya tusisahau ubaharia kwa sababu ya unahodha, lakini manahodha wetu wa leo wengine husahau hata chombo chenyewe kilichongwa na nani.

Huwa nawapa wanafunzi wa kidato cha tatu zoezi dogo. Kila mmoja achukue karatasi, aandike watu waliomwezesha kukaa kwenye dawati siku ile. Mwanzoni huandika wawili, baba na mama, na wengine huandika mama peke yake. Nawaambia waendelee. Polepole orodha hurefuka. Anatokea dada aliyeacha shule ili mdogo wake asome. Anatokea shangazi anayepanga mafungu ya ndizi soko la Kilombero kabla ya jua kuchomoza, na konda wa kifodi aliyekubali nauli pungufu. Yumo mpishi wa shule. Yumo jirani Mkristo aliyemkaribisha asomee sebuleni kwake umeme wao ulipokatwa. Yumo mwenzake aliyemuazima daftari alipougua, na ustadhi wa madrasa aliyemshika mkono akaandika alifu yake ya kwanza. Karatasi hujaa, na darasa lililokuwa na kelele hunyamaza. Sijapata kumwona mwanafunzi aliyekosa watu watano, hata aliye yatima wa baba na mama.

Hapa mlimani kwetu si jambo geni kwamba mtu hafiki mbali kwa miguu yake peke yake. Wameru walipohamishwa kwa nguvu kutoka Engare Nanyuki mwaka 1951, ili ardhi yao wapewe walowezi, walichangishana fedha kidogo kidogo ili kilio chao kifike mbali. Mwaka 1952 Kirilo Japhet akasimama mbele ya Umoja wa Mataifa kule New York kuieleza kesi hiyo. Mdomo uliozungumza New York ulikuwa wa mtu mmoja, lakini waliomfikisha ni wakulima wa migomba na wafugaji wa mlimani. Basi na kila mwanafunzi anayetoka Akheri, Poli, Ngaramtoni au Oldonyo Sambu kwenda chuo amebebwa hivyo hivyo, kwa kahawa iliyouzwa, maziwa yaliyokamuliwa na bahasha za harambee.

UTAFITI JUU YA WANAFUNZI

Tukishasikia kauli ya Allah na Mtume wake hatuhitaji ushahidi mwingine ili tuamini. Hata hivyo, si vibaya kutazama watafiti wamekuta nini walipowachunguza wanafunzi, kwani hekima ni kitu kilichompotea muumini.

Mwaka 2003, wanasaikolojia wawili wa Marekani, Robert Emmons na Michael McCullough, walichapisha utafiti ambao sehemu yake ilifanywa kwa wanafunzi wa chuo kikuu. Waliwagawa makundi matatu. Kwa wiki kumi, kundi la kwanza liliandika kila wiki mambo yasiyozidi matano wanayoyashukuru. La pili liliandika kero zao, na la tatu liliandika matukio ya kawaida tu. Mwishoni, walioandika neema walionekana kuyaridhia zaidi maisha yao, kuwa na matumaini zaidi kuhusu wiki inayokuja, na hata kulalamikia maradhi ya mwili kwa uchache zaidi.

Mwaka 2008, Alex Wood na wenzake wa Uingereza walikwenda hatua ya mbele. Waliwafuatilia wanafunzi wapya wa chuo kikuu tangu mwanzo hadi mwisho wa muhula wao wa kwanza, kipindi ambacho kijana ametoka kwao na hana amjuaye. Walikuta kwamba waliokuja na tabia ya shukrani zaidi ndio waliofika mwisho wa muhula wakijiona wana watu wengi zaidi wa kuwategemea, wakiwa na msongo mdogo wa mawazo na huzuni ndogo zaidi. Na kilichotangulia kilikuwa shukrani, msaada ukafuata. Mtu anaweza kudhani kuwa kijana hushukuru kwa sababu ana watu. Utafiti huu umeonyesha kuwa, kwa wanafunzi wale, mwenye kushukuru ndiye aliyepata watu.

Je, hili si tafsiri ndogo tu ya ahadi kubwa iliyomo katika Surat Ibrahim (14:7), kwamba tukishukuru tutazidishiwa? Wengi wetu huielewa ahadi hiyo kwa maana ya mali. Lakini ziada haikuwekewa mpaka. Rafiki wa kweli ni ziada. Mwalimu anayekujali ni ziada. Utulivu wa moyo usiku wa kuamkia mtihani ni ziada ambayo tajiri hawezi kuinunua.

INAVYOFANYA KAZI

Tuulize sasa, shukrani inamletea vipi mwanafunzi msaada? Ziko njia tatu zilizo wazi.

Kwanza, humfumbua macho. Mwenye kushukuru amezoea kutazama nani amemfanyia nini. Kwa hiyo siku ya shida anayo orodha tayari kichwani. Asiye na shukrani anao watu wale wale, lakini kwake ni kama ukuta wa nyumba, hawaoni mpaka wamuangukie.

Pili, huwavuta watu. Mwalimu aliyebaki saa ya ziada kumwelekeza kijana, akaambiwa kwa dhati "Jazakallahu khairan, mwalimu, leo nimeelewa", kesho atabaki tena bila kuombwa. Lakini akipewa mgongo, hata akiwa mcha Mungu, nafsi yake ya kibinadamu huchoka. Shukrani ya punda ni mateke, na punda arushaye mateke hatimaye hakuna anayemsogelea kumpa maji.

Tatu, humwondolea aibu ya kuomba. Anayejua kuwa maisha yake yote yamesimama juu ya fadhila haoni fedheha kusema, "Nimekwama, nisaidieni." Anayeamini kuwa amejijenga mwenyewe huona kuomba msaada ni kubomoka. Ndiyo maana mara nyingi anayezama kimya kimya ni yule aliyekuwa akisifiwa kwa akili. Fedha ya kujikimu, ile wanafunzi wanayoiita bumu, ikichelewa, huyu anashinda na njaa lakini hamwambii hata anayelala naye chumba kimoja. Akifeli somo moja, anazima simu. Qarun hakuwa na kundi la kumnusuru, na huyu naye amejitoa mwenyewe katika kundi.

Kuna tundu moja ambalo kwalo shukrani huvuja kila siku, nalo ni kutazama juu. Katika hadithi aliyoipokea Muslim kutoka kwa Abu Hurayra (r.a), Mtume (s.a.w) ametuelekeza katika mambo ya dunia tumtazame aliye chini yetu, tusimtazame aliye juu yetu, kwani hivyo tutaepuka kuzidharau neema za Allah. Mafundisho haya yana zaidi ya miaka 1,400, lakini ni kama yameteremshwa kwa ajili ya kijana mwenye simu mkononi. Kila akifungua Instagram anaona viatu vya mwenzake, safari ya mwenzake, harusi ya mwenzake. Nusu saa tu, na chakula alichokifurahia mchana kinageuka kuwa aibu. Simu si haramu, ina faida zake na watu wanaisomea. Lakini mwanafunzi ajue kuwa kila anapopitisha kidole pale, kuna kitu anakitazama na kuna kitu anaacha kukitazama.

MAMBO MATATU YASICHANGANYWE

Yapo makosa matatu katika kuifahamu shukrani, na yasiporekebishwa mafundisho haya yanaweza kuwaumiza wale wale tunaotaka kuwasaidia.

Kosa la kwanza ni kudhani kuwa kushukuru ni kunyamazia dhuluma. Sivyo kabisa. Firauni alipomkumbusha Nabii Musa (a.s) kwamba alilelewa katika nyumba yake tangu utotoni, alitaka malezi yale yamfunge mdomo. Katika Surat Ash-Shuaraa (26:18-22), Musa alimjibu kwa kumuuliza kama hiyo ndiyo neema ya kumsimbulia, ilhali amewatia utumwani Wana wa Israili. Basi mwanafunzi wa Kiislamu anayezuiwa kuswali, binti anayeambiwa avue hijabu, au kijana aliyedhulumiwa haki yake ya masomo, asiambiwe "shukuru tu kwamba umepata shule". Atadai haki yake kwa utaratibu na kwa adabu, na bado atakuwa miongoni mwa wenye kushukuru. Mfano tunao katika maji tunayokunywa. Mlima Meru unatupa maji, na tunamshukuru Allah. Lakini maji ya sehemu nyingi za huku yana floraidi nyingi mno, na ndiyo iliyowapaka wengi wetu rangi ya kahawia kwenye meno. Je, anayetafuta namna ya kuyasafisha amekufuru neema ya maji? Bali huyo ndiye ameishukuru kwa vitendo.

Kosa la pili ni kudhani kuwa mwenye kushukuru hahuzuniki. Nabii Yaqub (a.s) alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe, na akamshitakia Allah huzuni yake (12:84-86). Mtume wetu (s.a.w) alitokwa na machozi alipokuwa akifa mwanawe Ibrahim. Sisi watu wa Arusha hatujasahau tarehe 6 Mei 2017, basi la Shule ya Msingi Lucky Vincent lilipotumbukia korongoni kule Karatu. Wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Siku mbili baadaye uwanja wa Sheikh Amri Abeid ukajaa watu wa dini zote kuwaaga. Hakuna aliyewaambia wazazi wale wasilie. Watoto watatu walionusurika walipelekwa Marekani kwa matibabu, wakarudi nyumbani mwezi Agosti mwaka huo. Siku ile mji ulilia na kushukuru kwa wakati mmoja, na hakuna aliyeona kuwa hayo mawili yanagongana.

Hivyo mwanafunzi ambaye kwa wiki kadhaa hali vizuri, halali, amekata tamaa na anatamani kufa, asiambiwe kwamba imani yake ni ndogo au kwamba hashukuru. Huenda huo ni ugonjwa, na ugonjwa unatibiwa. Watafiti wawili wa Marekani, Cregg na Cheavens, walipokusanya tafiti nyingi juu ya mazoezi ya shukrani na kutoa matokeo mwaka 2021, walikuta kuwa kwa sonona na wasiwasi mazoezi hayo yana athari ndogo, na wakashauri wenye maradhi hayo watafute tiba inayojulikana. Nasi Mtume (s.a.w) ametufundisha tujitibu. Kijana kama huyo asindikizwe hospitali, na asindikizwe na mtu, si kuelekezwa njia tu.

Kosa la tatu ni letu sisi tunaosaidia. Tunataka kushukuriwa, na tusiposhukuriwa tunasimanga. "Unajua ada yako niliipata vipi?" "Bila mimi ungekuwa unachunga mbuzi Kisongo!" Mzazi au mjomba anayesema hivyo kila siku anadhani anafundisha shukrani, kumbe anaifukia. Kijana aliyesimangwa hujifunza kuwa kila msaada una bei, na siku ya shida atakuwa wa mwisho kuomba. Allah (s.w) ametukataza tusiziharibu sadaka zetu kwa masimbulizi na maudhi (2:264), na amewasifu wale wanaolisha wenye haja hali wakisema hawataki kwao malipo wala shukrani (76:9). Hapa ndipo uzuri wa dini yetu unapodhihiri. Mpokeaji ameamrishwa ashukuru, na mtoaji ameelekezwa asidai shukrani. Kila mmoja akishika la kwake, mapenzi yanakaa. Wakibadilishana, mtoaji akadai na mpokeaji akasahau, undugu unavunjika.

TUFANYE NINI?

Kwa mwanafunzi, nasihi yangu ni nyepesi. Kila usiku wa kuamkia Ijumaa, andika mambo matano uliyoneemeshwa wiki hiyo, na mbele ya kila jambo andika jina la mja ambaye Allah alilipitisha kwake. Kisha chagua mmoja, umpigie simu au umwandikie. Usingoje uwe na cha kumpa. Mtume (s.a.w) amefundisha kuwa aliyefanyiwa wema aulipe, na asiyekuwa na cha kulipa amwombee dua aliyemtendea mpaka ajione amemlipa. Hadithi hii ameipokea Abu Daud. Dua haihitaji vocha. Na wewe uliyefahamu hesabu, kaa na asiyefahamu, kwa sababu shukrani ya elimu ni kuifundisha.

Kwa wazazi, mpigieni simu mwanafunzi hata siku ambayo hamna fedha ya kumtumia. Kijana anayepigiwa siku ya matokeo na siku ya ada peke yake hujifunza kuwa yeye ni matokeo na ada.

Kwa misikiti yetu, ada katika shule za serikali imeondolewa hadi kidato cha nne tangu mwaka 2016, na kidato cha tano na sita tangu mwaka 2022. Hiyo ni neema, na tuishukuru. Lakini sare, daftari, nauli na chakula bado vinamkwamisha mtoto wa mnyonge. Kila msikiti una waumini waliomaliza vyuo. Wapewe kila mmoja vijana wawili au watatu wa kuwajua kwa majina, kuwauliza hali na kuwasikiliza. Haigharimu mfuko wa msikiti hata shilingi. Jumuiya za wanafunzi wa Kiislamu vyuoni nazo zisiwe za kuandaa futari na makongamano tu. Zijue nani hajaonekana kwenye swala ya Ijumaa wiki mbili, na kwa nini.

Kwa wahitimu, nina neno moja zito. Wengi tumesoma kwa fedha ya Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004 na kuanza kazi mwaka 2005. Wapo ndugu waliokuwa na dukuduku la riba kwa sababu ya ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya fedha. Tozo hiyo ilifutwa mwaka 2021. Lililobaki ni deni, na deni katika Uislamu si jambo la mchezo. Zaidi ya hapo, fedha unayoirejesha ndiyo anayokopeshwa mdogo wako aliye kidato cha sita leo. Anayejificha asilipe, huku akisema Alhamdulillah kwa kazi aliyopata, ameishukuru neema kwa ulimi na kuifunga kwa mikono.

Wahitimu tukumbuke kile kisa kilichopokelewa na Bukhari na Muslim, cha watu watatu wa Wana wa Israili, mwenye mbaranga, mwenye upara na kipofu. Allah aliwaponya, akawapa ngamia, ng'ombe na kondoo mpaka mabonde yakajaa. Kisha malaika akawajia kila mmoja kwa sura ya masikini mwenye hali kama waliyokuwa nayo zamani. Wawili wa mwanzo walikana, wakadai mali ni urithi wa mababu zao. Wa tatu alikiri kwamba alikuwa kipofu na masikini, akamwambia mgeni achukue atakacho. Wawili wakaharibikiwa, yeye akabakishiwa mali yake na akapata radhi za Mola wake. Leo yule mgeni anakuja kwetu akiwa amevaa sare ya shule iliyopauka, ameshika barua ya kujiunga na kidato cha tano na orodha ya mahitaji asiyoyaweza. Tunapomtazama, tunajiona wenyewe wa miaka kumi na tano iliyopita, au tunamwona mtu baki?

Ndugu msomaji, Mtume (s.a.w) alimshika mkono Muadh bin Jabal (r.a), akamwambia kuwa anampenda, kisha akamuusia asiache kila baada ya swala kumuomba Allah amsaidie kumkumbuka, kumshukuru na kumuabudu kwa uzuri. Tazama mpangilio wake. Alianza kwa kumshika mkono na kumwambia anapendwa, ndipo akamfundisha kushukuru. Vijana wetu nao tuwafundishe kwa mpangilio huo.

Tunamuomba Allah (s.w) atujaalie kuwa miongoni mwa wale wachache wenye kushukuru, awafanyie wepesi wanafunzi wetu katika masomo yao, awalipe kheri wote waliowabeba, na asimwache hata mmoja wao akadhani kuwa yuko peke yake. Amin.

Wabillahi tawfiq.